Banda la Chumvi

Mlio mmoja, saa kumi na mbili kasoro,
halafu mbwa wa kambi ya wavuvi wakabweka ng'ambo ya ghuba.
Nikaamka kupima chumvi.
Dume la nzohe hunywa kilo kumi,
nusu yake shingoni, maana shingo ndiyo huoza kwanza.

Wakamleta kwenye pikapu, miguu ikining'inia,
kwato ndefu kama mikasi iliyoachwa wazi,
kwato za kukanyaga matope yasiyobeba mtu.
Mgeni alikuwa na viatu vipya na furaha ya kitoto.
Akalaza tepu juu ya pembe, akafuata kila msokoto,
akaita namba, mwenzake akaandika.
Ranchini kila kitu kina bei kabla hakijafa:
swala pala hivi, pongo hivi,
nzohe mwisho wa karatasi, sufuri zake
zimelala mstari kama mayai ya kanga.
Wakapiga picha. Wakaniomba nisogee, natia kivuli.

Mimi huwajua kwa upande wa ndani.
Mwenye bunduki huona pembe, mpishi huona paja,
mimi naona kupe walikaa wapi,
mwiba gani ulimchana, mwaka gani alikonda.
Nikaigeuza ngozi, nikapitisha kisu taratibu,
na chini ya bega la kushoto kisu kikasema kli.

Si risasi ya leo. Ya leo ilipita safi ikatoka.
Hiki kilikuwa kitu cha zamani,
kimevikwa nyama ngumu, nyeupe, kama kokwa.
Nikaipasua kwa ukucha:
msumari wa inchi mbili, umekatwa kichwa,
umepinda kidogo, kutu yake rangi ya chai.

Nikakaa juu ya gunia.

Miaka saba iliyopita uzio ulikuwa na miezi minne tu
na baba yangu, Luhende, alikuwa bado hajauzoea.
Askari walimkuta kwenye mafunjo, gobore bado la moto.
Mahakamani Magu, jirani yetu Masunga akaapa
kwamba kwa macho yake alimwona Luhende akilenga,
na kwamba yeye mwenyewe, tangu azaliwe,
hajawahi kushika gobore.
Baba akapewa miaka mitatu, Butimba.
Masunga akapewa sare ya kijani, buti, na filimbi ya shingoni.
Mama akauza ndama wawili,
kisha akamuuza mama wa ndama.

Jioni nikaufunga msumari kwenye pindo la khanga,
nikabeba na kipande cha ini
(ini ni letu, paja ni la wageni).
Nikamwambia baba: Hukukosa.
Ulimpata. Ametembea na wewe miaka saba.
Nilitaka afurahi. Nadhani nilitaka alie.

Akausogeza karibu na taa ya sola,
akaugeuza, akaung'ata kama mtu anayepima sarafu.
"Huu si wangu," akasema.
"Mimi nilipakia nondo, vipande vya nondo
vilivyobaki walipojenga daraja.
Mwenye misumari hapa kijijini alikuwa mmoja tu,
tangu alipomjengea padri banda la kuku
na boksi zima likapotea."

Nje, filimbi ya zamu ya usiku ikalia mara mbili
kando ya uzio, ikasogea, ikapita mlangoni petu.
Baba hakugeuza kichwa.
Akaniuliza kama nyongo imetolewa vizuri,
kama mnyama alikuwa na mafuta,
kama kwato zao bado ni ndefu vile.
Nikajibu ndiyo kwa kila kitu.

Akaulaza msumari juu ya kizingiti,
akaugonga kwa jiwe mpaka ukanyooka,
akaupigilia ukutani, kando ya mlango,
akatundika kofia yake.