Chupa ya Nasibu

Jumanne, Sheffield imevaa ukungu mpaka shingoni.
Tulishuka kilima cha Crookes kwa miguu,
mimi mbele, mwanangu nyuma, macho chini.

Watu husema haangalii watu.
Anasoma chuma.
Kila kifuniko cha chemba kina jina la kiwanda
na Nasibu anayajua yote, vilivyokufa na vilivyohama,
anayataja taratibu
kama mtu aliye kwenye hitima.

Maabara, Bronagh akatupa karatasi za kusaini.
"Oksitosini," akasema, "ni homoni ya..."
akasita, akaona haya kusema mapenzi.
Nikamwambia naijua.
Tuliwahi kukutana, mimi nayo,
wodi ya uzazi, saa tisa za usiku,
ikidondoka kwenye mrija, tone, tone,
mkunga akiniahidi itauleta uchungu.
Ikauleta.
Kwetu uchungu ni neno moja:
la kuzaa, la shubiri, la moyo.
Sikupata nafasi ya kuwaeleza.

Badala yake niliuliza swali
nililolibeba miaka kumi na mitano
kama kijiwe ndani ya kiatu:
je, ule mrija?
Daktari Ellwood akavua miwani.
"La, mama. Si wewe, wala si huo."
Nilishukuru. Kijiwe hakikutoka,
kiligeuka tu upande wake laini.

Chupa mbili. Moja ina dawa, moja maji ya chumvi,
na nani apulizwe ipi
kompyuta imeamua kwa bahati nasibu.
Mwanangu akacheka mara moja, kwa kishindo, kama chafya:
"Wameniita."

Pua ya kulia mara tatu, ya kushoto mara tatu.
Dakika arobaini za kungoja.
Akahesabu vigae vya dari, akanipa jumla,
akatoa kile kilichovunjika.

Kisha pango jeupe linalogonga.
Nikiwa nyuma ya kioo niliuona ubongo wa mwanangu
umekatwa vipande vya kijivu kama kitunguu,
huku yeye akionyeshwa nyuso:
ya furaha, ya hofu, ya hasira, isiyo na lolote.
Bronagh akagusa skrini. "Hapa, nyuma ya sikio.
Na hapa ndani, padogo kama lozi.
Tunatazama kama pataamka."

Nani alisema pamelala?

Siku niliyopigiwa simu kwamba mama amefariki
Nasibu hakunitazama usoni.
Alifunga bomba nililoliacha likimwagika,
akakaa, akaweka mguu wake juu ya wangu
chini ya meza,
mzito, kama kitu kinachozuia karatasi zisipeperuke.
Hakuondoa mpaka kulipokucha.

Alipotoka nikamuuliza ameona nini.
"Nyuso arobaini na nane.
Taa ilikuwa upande wa kushoto, zote.
Yule wa hofu hakuwa na hofu, alikuwa anaigiza.
Nilitaka kuwaambia,
ila kitufe cha jibu hilo hakikuwepo."

Barua ilikuja baada ya mwaka, ya heshima sana.
Kwa wastani, ilisema, sehemu fulani ziling'aa zaidi kidogo
kwa waliopata dawa. Mwenendo haukubadilika
kiasi cha kutosha kusema neno.
Chupa yetu ilikuwa ipi, haikutaja.
Nimeiweka kwenye droo ya betri na funguo zisizo na mlango.

Lakini ile Jumanne, tukipanda kurudi,
ukungu umeanza kukatika juu ya mapaa,
alisema nyuma yangu:
"Mama, una wasiwasi."
"Umejuaje?"
"Kisigino cha kushoto. Unakikanyaga kwa nguvu."

Nikapunguza mwendo.
Kifuniko kilichofuata kilikuwa kipya, hakina jina.
Alikivuka bila kukitazama.