Daftari la Getini

Kurasa mia mbili, jalada jeusi, mgongo mwekundu.
Nimelipiga mistari kwa rula ya mbao, safu sita:
tarehe, jina, unakotoka, namba ya simu,
sababu ya kuja, sahihi.
Kalamu nimeifunga kwa kamba ya katani, isitoroke.

Ni kalamu tu niliyoifunga.

Zahanati yetu iko Makole, geti la bluu,
na Julai upepo wa Dodoma hauna adabu:
unafunua, unasoma, unafunua tena,
unamwaga vumbi jekundu juu ya majina ya watu.
Nikawa naweka jiwe.
Jiwe linazuia upepo. Mtu halimzuii.

Alikuja kijana, viatu safi
kama hakukanyaga ardhi hii.
Akanisalimu "mbukwa" kwa ulimi wa kuazima,
akaniletea chai na chapati mbili.
Siku ya tatu akaomba kupiga picha kurasa chache.
Takwimu tu, mzee wangu.
Elfu tano kila Ijumaa.
Shuleni mwanangu alidaiwa rimu ya karatasi.
Namba ni namba, nikajiambia, namba si mtu.

Damari Chilewa wa Nkuhungu
safu ya tano aliandika: sukari.
Herufi ndogo, kama anayenong'ona kwenye karatasi.
Mumewe hajui, mama mkwe hajui,
niliambiwa mimi,
maana geti halifunguki bila kuambiwa.

Simu ilikuwa mkekani, kati ya ugali na bakuli la mlenda.
Ikalia. Shemeji yake akaisoma kwa sauti,
yeye ndiye msomaji wa nyumba:

MPENDWA DAMARI, SUKARI ISIKUTESE!
DAWA YA SIKU SABA. OFA MWISHO LEO.

Kesho yake mkopo wa haraka. Keshokutwa bima ya mazishi.
Kusitisha, tuma neno BASI.
Alituma BASI mara kumi na moja.
Kila BASI ilikatwa shilingi mia,
na kila BASI iliwaambia: yupo, anasoma.

Alirudi Jumatatu, si kwa matibabu.
Akarudisha kurasa hadi Mei,
kidole kikashuka, kikashuka, kikasimama.
"Ndahani, hapa niliandika mimi.
Nani mwingine alisoma?"

Nilikuwa na majibu. Upepo, kwa mfano.

Nikampa wembe na rula.
Akakata mstari wake, huo mmoja tu, bila kumgusa wa juu wala wa chini,
akauviringa, akaufunga kwenye pindo la khanga,
mahali pa pesa.
Akaondoka bila kuaga. Haki yake.

Siku hizi nina kipande cha boksi la sabuni
nilichokitoboa tundu, upana wa mstari mmoja.
Mgeni anaona pake tu.
Ijumaa kijana kaja na chai yake.
Andika kwanza, nikamwambia, kama wengine.
Akaandika jina. Akaandika alikotoka.
Kwenye namba, mkono ukasita.
"Yangu ya nini tena, mzee?"
Kalamu ikabaki inaning'inia kwenye kamba.

Chai nilimwaga. Zile elfu tano za nyuma nilishazila.

Na ukurasa wa Mei una dirisha jembamba.
Ukichungulia, linaonekana jina la mtu wa Juni,
ambaye bado hajarudi kuniuliza.