Dole Gumba la Subilaga

Kibodi ilikunywa chai ya tangawizi Jumatatu,
ikafa na herufi zote mdomoni.
Nje mvua ya Tukuyu, ile isiyoaga.
Fundi wa karibu yuko Mbeya.

Nikawasha bluetooth. Simu na kompyuta
zikakwepana kwanza, kama mkwe na mkamwana,
kisha zikaulizana namba sita, zikakubaliana.
Basi nikaandika nikiwa kando ya jiko la mkaa,
miguu nimeikunja, kioo kule mezani
kikijaa maneno bila mkono.

"Nani yumo humo?" akauliza Subilaga,
aliyeleta kesi ya mpaka wa shamba:
mawe matatu, mgomba mmoja, shahidi aliyehama.
Alisema, nikabonyeza.
Aliponyamaza, kistari kikapepesa, kikimngoja.

Mwisho nikatafuta pedi ya wino,
maana ofisi zote zinamjua kwa dole gumba.
"Leo hapana. Nipe hiyo."

Simu haikumtambua.
Dole la miaka ishirini ya kuchuma chai,
sugu, tena la baridi.
Akalipulizia, akalifuta kwenye kitenge,
akaanza upya, nami namwonyesha:
S. U. B.
Kila herufi ikaruka chumba kizima, ikatua.

Ya mwisho aliikandamiza, asiachie:
Subilagaaaa.

Nikataka kufuta. Akanishika mkono.
"Iache. Mama aliniita hivyo,
kutoka ng'ambo ya Kiwira,
jua likizama nami sijarudi na kuni."

Nikachapa hivyo hivyo.