Ripoti ya Nambari Nne

Jina: Shaame Faki Mbarouk, wa Kiuyu.
Mwaka wa tatu chuoni, ualimu wa hesabu.
Urefu: futi sita na inchi mbili bila viatu,
nimempima mwenyewe kwa penseli ukutani,
nyuma ya vyoo vya Gombani.
Uzito: kilo themanini na tisa,
kwa mizani ya muuza mbatata,
maana ya klabu ni mbovu tangu Mfunguo Tano.
Mguu wa kulia, unafaa. Wa kushoto, wa kusimamia tu.
Mbio za mita thelathini: nilitazama saa mara mbili
na mara zote mbili sikuipenda.

Fomu ina visanduku kumi na viwili.
Hakuna kisanduku cha dakika ya tisa,
alipohama hatua tatu kabla mpira haujapigwa,
na mshambuliaji akafika kwenye uwazi wake
akakuta pana mtu.
Wala cha kipa wao, Ussi, kitoto cha mwaka wa kwanza,
aliyetoka vibaya kwenye kona akadaka upepo.
Shaame hakumfokea.
Alimshika shingo, akamsemeza kidogo,
akarudi kusimama baina yake na dunia.

Muuza karanga nyuma yangu hakulijua jina lake.
"Ntu yule hapitiki," akasema,
akaendelea kuhesabu chenji.

Kule Mjini wageni hupiga picha milango,
misumari ya shaba, nakshi, minyororo.
Sijamwona bado aliyeinua uso
akaipiga picha boriti.
Kukaa kimya miaka mia ndiyo kazi yake;
siku itakayolia
hutakuwa na muda wa kuisifu.

Lakini sikutumwa kupenda.
Nimetumwa kununua, na pesa si zangu.
Dakika ya sabini na moja winga wa Wete,
mwembamba kama ufito,
alimzunguka bega la kushoto.
Mwili ulitaka kugeuka, kiuno kikauliza: wapi?
Goli.
Mjini wapo mawinga kumi kama yule,
na hulipwa kwa kuyajua mabega ya watu.

Naijua hukumu hii.
Mwaka nilioangaliwa mimi,
bwana mmoja mwenye miwani ya kamba
aliandika maneno matatu: mzito wa kugeuka.
Nilimchukia misimu tisa,
na misimu tisa nikapitwa bega lilelile.
Goti hili linalolia nikipanda ngazi
ni mhuri wake.

Mechi ilikwisha mbili kwa moja, chuo kimeshinda.
Mfungaji akabebwa juu juu hadi getini.
Beki wangu alikuwa akikusanya vizibao vya mazoezi,
akivihesabu, kimoja kimepungua,
akarudi kukitafuta upande wa pili wa uwanja.
Nikamfuata.
Nilitarajia aulize mshahara,
au kama mkataba utasubiri mitihani.

"Umeliona bega?"
"La kushoto," nikasema.
"Najua. Kila usiku dakhalia
najitwisha ndoo ya maji, nageuka,
mara hamsini, kushoto tu.
Wenzangu wananiita Feni.
Mwanzo nilikuwa naimwaga yote."
"Na sasa?"
Akafikiri, kama mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi
na hataki kumpa maksi za bure.
"Sasa namwaga kidogo."

Nimo ndani ya boti ya asubuhi,
fomu juu ya goti bovu.
Jirani yangu anatapika kwa adabu ndani ya mfuko.
Kisanduku cha kumi na mbili kinauliza: Je, atafika?
Nimeandika mzito wa kugeuka,
kwa sababu ni kweli.
Kisha chini, nje ya mstari, pasipo nafasi,
kwa mwandiko ambao mwenyekiti ataulalamikia,
nimeongeza:
anamwaga kidogo.