Chetezo Karakanani

Mwamvua haandiki barua.
Huandika kwa kidole kwenye kioo cha kabati la vyombo,
juu ya unga wa mninga:
Jumatatu nilipangusa.
Chini yake, siku ya pili: Jumanne pia.
Ijumaa nilirudi msikitini nikakuta maneno mawili tu,
Mume wangu,
na alama ya kuuliza.

Karakana yangu ni kibanda cha uani,
Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
ukuta mmoja na jiko.
Msumeno wa meza, randa ya umeme,
na feni ya kufyonza vumbi niliyouziwa na mtu wa Pongwe
aliyeapa, "Hii inameza hata paka."
Paka wetu hulala mbele ya mdomo wake.
Hata sharubu hazimtikisiki.

Mimi ni mtu wa futi, penseli sikioni.
Mbao nimezipima umri wangu wote.
Upepo sikuwahi.
Utaushikia wapi?

Shekilindi, mwashi, aliniazima mpira wake wa levo,
ule mwangavu wa kusawazishia kuta.
Nikaukunja, nikaupigilia ubaoni,
nikatia maji ya choya ili nione.
Ncha moja hewani, ncha moja tunduni kwenye bomba.
Maji mekundu yakapanda upande mmoja
kama mtu aliyeitwa na hataki kuja.
Karibu na feni: inchi nne.
Baada ya kona: tatu kasoro.
Kwenye msumeno: nusu,
na hiyo nusu niliisoma kwa huruma.

Basi nguvu ipo. Inaibiwa njiani.

Jioni Mwamvua akaingia na chetezo,
kile cha udongo alichokuja nacho kutoka Pangani,
makaa, udi kidogo, ubani.
Sikumwita.
Akapita chini ya bomba kama anayefukiza nguo,
hatua, kituo, hatua.
Moshi ulipanda wima, hauna habari na mtu,
mpaka kiungo cha pili:
hapo ukapinda shingo, ukazama ndani
kama mgeni anayeujua mlango.
"Moja," akasema.
Kwenye kona ya mraba: "Mbili."
Kwenye lango la randa,
ambalo miaka mitatu naamini limefungwa,
ulikwenda moshi wote, wote,
hata makaa yakang'ara.
"Na hili je, fundi?"

Nje, feni ilikuwa ikitapika harufu ya harusi.
Bi Mwanasiti akauliza juu ya ukuta,
"Leo kuna posa?"

Usiku ule nilichana mpira wa ndani wa baiskeli,
nikafunga viungo kama mtu afungavyo kidonda.
Kona ya mraba nikaing'oa, nikaweka mbili za kulala;
upepo si askari wa gwaride, haugeuki kwa amri.
Bomba la mikunjo, lililozunguka kama utumbo,
nikalipunguza pima nzima.
Mfuko wa chujio nikaucharaza fimbo:
ukatoa mvule, ukatoa mtiki wa Longuza,
kitanda cha bi harusi wa mwaka juzi,
madawati ya Mabokweni,
kazi nilizozisahau, zote rangi moja.

Asubuhi choya ikapanda.
Kwenye msumeno: inchi mbili na robo.
Nikasogeza kijikaratasi;
kikanichomoka vidoleni,
kikang'ang'ania wavu kama mtoto titi.
Paka akainuka, akaenda zake.

Sisemi vumbi limekwisha.
Lile jembamba, lisiloonekana
ila jua linapopenya tundu la msumari batini,
lingali linaelea.
Hilo sijui bado nilipime kwa nini.
Nafunga kitambaa puani, naendelea.

Lakini Ijumaa hii kioo cha kabati kinameta,
hakuna pa kuandika.
Mwamvua kasimama mbele yake, kidole juu,
kama aliyefika dukani akasahau alichotumwa.
Kisha kageuka,
kaniandikia mgongoni, penye jasho.

Sikulipata neno.
Nimemwambia aandike tena,
polepole.