Taa ya Meza ya Arobaini na Moja

Mjini Tartu, Januari, jua huchungulia tu
kama mgeni asiyevua koti;
saa kumi alasiri limekwisha kuaga.

Maktaba ya chuo imefungwa, inakarabatiwa.
Vitabu vimevikwa nailoni,
na darini zile taa ndefu za zamani
zimeng'olewa huku zikinung'unika.
Leida, mtunza vitabu wa ghorofa ya tatu,
aliuzoea mnung'uniko ule miaka thelathini na moja.
Sasa kimya, anasema, kinamzuia kusoma.

Helve hajibu. Yuko chini ya meza,
utepe wa kupimia shingoni, penseli sikioni.
Kabla nyundo hazijaanza alikesha hapa siku tatu
akitazama wanafunzi wanavyohamisha viti:
huyu akikwepa mng'ao wa kioo,
yule ameshika kitabu kama bakuli la mchuzi, asije akaumwaga,
mwingine amelala, mdomo wazi, juu ya sheria za kodi.
*Huyu hana taa ya kumtibu,* aliandika pembeni.

Lakini kijana mmoja, Taavi,
aliandika kwa mkono wa kushoto,
na taa, iliyowekwa kushoto kwa desturi,
ilimwaga kivuli cha ngumi yake juu ya kila neno
kabla wino haujakauka.
Ukumbi mzima ulikuwa ukiwaka;
yeye aliandika katika kagiza kake mwenyewe,
kadogo, ka ukubwa wa kiganja.

Ramani mpya ina taa mia mbili na kumi na mbili,
zote zikitazama upande mmoja kama gwaride.
Ya arobaini na moja imegeuka.
"Kosa hili," anasema Rein, mhandisi, kidole juu ya karatasi.
"Si kosa."
"Mkandarasi atauliza."
"Na aulize."
Helve anatia sahihi.
Rein anaangalia kalamu iko mkono gani,
anakunja ramani, anakwenda kutafuta kahawa.

Septemba milango ikafunguliwa. Hotuba, keki, utepe ukakatwa.
Meza ile hakuna aliyeitaja.
Leida tu, anayezima swichi jioni hadi jioni,
ameona kiti cha pale hakipoi.
Msichana wa mwaka wa kwanza, skafu ya kijani,
huzipita meza ishirini zilizo wazi
aende akae palepale.
Ukimuuliza sababu
atakuambia pana joto kidogo.

Leida ameligusa bomba la ukutani.
Halina joto.