Sifuri ya Fundi Korenjak

Hospitali ilitaka maswali kumi na mawili,
yajibiwe kwenye simu, kwa kidole gumba,
mtu akiwa kwenye foleni ya mkate.
Nikafungua dirisha. Mto Drava ulipita chini na vipande vyake vya barafu,
Maribor yote inanuka makaa na mvua.
Nikaandika la kwanza:
"Je, wauguzi walikuwa wapole na wepesi?"
Nikalifuta. Mpole aweza kuwa mzito,
na mwepesi aweza kukudunga sindano
kama anayeshona gunia.
Swali moja lisibebeshwe mizigo ya wawili.

Kisha ngazi. Vidato vitano, au saba?
Zdravko, mkuu wangu, hupenda vinne.
"Ukiwapa katikati," asema,
"watajilaza humo kama paka juu ya jiko."
Mimi huwatetea wa katikati.
Wapo ambao kweli hawakufurahi wala hawakuchukia,
waliletewa supu, wakanywa, wakaenda zao.
Ila "sijui" nimeiweka kando, peke yake:
asiyejua hayuko katikati ya chochote.

Kitelezi nilikikataa katakata,
kile kijiduara kinachoanzia hamsini,
na asiyekigusa huhesabiwa amesema hamsini.
Kunyamaza kwa mtu kukapewa alama!

Tukajaribu kwa watu thelathini.
Bi Darinka Vouk akatoa moja, moja, moja,
toka juu hadi chini, kama kuku adonavyo mchele.
Nikampigia, nimejiandaa kutukanwa.
"Hasira ya nini? Walinihudumia vizuri mno!"
Kumbe alisomea Graz, ng'ambo ya mpaka,
saa moja tu kwa treni,
na huko moja ni alama ya mtoto hodari.
Huku kwetu moja ni ya kurudia darasa.
Nambari tupu ni mtungi,
kila mtu huja na maji yake.
Basi nikaandika maneno chini ya kila kidato,
nikayapimapima: toka "vibaya" hadi "wastani",
je, ni hatua sawa na toka "wastani" hadi "vizuri"?
Lugha haina rula.
Nilishinda siku nzima juu ya neno "kidogo".

Likabaki la mwisho, lile ambalo hospitali ililing'ang'ania,
sifuri hadi kumi:
"Ungempendekezea rafiki yako wodi hii?"

Blaž Korenjak, fundi wa lifti, alijibu yote.
Wauguzi: vizuri sana.
Maelezo ya daktari: vizuri sana.
Usafi, utulivu wa usiku, heshima: vizuri sana.
Rafiki: sifuri.

"Kidole kimeteleza," akasema Zdravko, "mtoe."
Mashine ilikuwa imeshampanga
kwenye kundi jekundu, la wanaotusema vibaya.
Nikampigia. Nyaya zilivuma nyuma ya sauti yake,
yumo ndani ya shimo la lifti, ghorofa sijui ya ngapi.
"Wodi ya watoto njiti," alisema.
"Siku kumi na tisa. Yule muuguzi wa usiku
alimfumia soksi nyekundu, ndogo kama vifuniko vya kalamu.
Aliondoka nazo miguuni.
Sasa niambie wewe, dada,
ni rafiki gani nimtakie afike pale?"

Sikuwa na kidato cha kumpa.
Hata pole yangu ilitoka vibaya,
ilipanda mwishoni, kama swali.

Swali limebaki. Hospitali inasema
bila hilo haiwezi kujilinganisha na wenzake,
na sifuri ya Blaž imo kwenye wastani,
inauvuta chini pamoja na za waliopewa uji wa baridi.
Nilichopata ni kisanduku, chini kabisa,
mistari mitatu, si lazima: "Kwa nini?"
Zdravko anasema hakuna atakayevisoma.
Navisoma mimi, jioni, wakishaondoka.
Jana kimoja kilikuja na nukta.
Nukta tu, hakuna neno.
Programu imeniuliza kama niifute,
ndiyo au hapana,
na bado sijaijibu.